Picha za Mashahidi na Maswali ya Barazani

Katika lugha yetu neno shahidi lina maana mbili. Shahidi ni mtu asimamaye barazani akaeleza aliyoyaona kwa macho yake. Tena shahidi ni mtu aliyekubali kuuawa kuliko kuikana imani yake. Wakristo wa kwanza waliosema Kiyunani walifanya kama sisi: neno la barazani ndilo walilolitumia kwa ndugu zao waliouawa, maana waliona kwamba watu hao wametoa ushahidi kwa damu badala ya maneno.

Katika mazungumzo haya twataka kumtazama shahidi wa namna ya tatu, nayo ni picha. Picha ya mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani hutoa ushahidi kila siku mbele ya watu waitazamao. Hutuambia ya kwamba fulani alikufa hivi, mahali fulani, na waliomwua ni hawa. Lakini kila mtu aliyekaa barazani ajua kwamba ushahidi haupokelewi kabla mwenyewe hajaulizwa. Je, ulikuwapo? Ni nani aliyekuleta hapa? Mbona umewataja hawa, na wale hukuwataja? Maswali hayo matatu yafaa kuulizwa picha pia, nasi tutajaribu kuyauliza.

Tuanze na picha ambayo msomaji wa Kate, au wa misioni nyingine yoyote ya Ufipa, huenda ameiona kanisani au katika kalenda ukutani. Ni picha ya Mashahidi wa Uganda. Habari zao zilifika Ufipa kwa njia fupi. Mapadre Weupe waliofika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, ambao baadaye shirika lao lilieneza kazi yake juu katika uwanda wa Ufipa, walikuwa ndugu wa shirika moja na Padre Siméon Lourdel aliyefika Buganda mwaka 1879. Huyo ndiye Waganda waliyemwita Mapera, na katika wale waliofundishwa naye na wenzake walitoka mashahidi.

Picha yao ijulikanayo sana ilichorwa na Albert Wider mwaka 1962. Ndani yake mashahidi wote 22 wa Kikatoliki wako pamoja, kama watu waliokuja kupigwa picha siku moja. Lakini watu hao hawakufa siku moja wala mahali pamoja. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Karoli Lwanga alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mathias Mulumba alikatwa viungo akaachwa afe peke yake, naye alikufa siku chache kabla ya moto wa Namugongo. Wa mwisho wao, Yohana Maria Muzeyi, aliuawa tarehe 27 Januari 1887. Toka wa kwanza hata wa mwisho ilipita miezi 14 na zaidi.

Je, mchoraji amesema uongo? Hapana. Amefuata desturi ya zamani ya kuchora mashahidi, na asiyeijua desturi hiyo hawezi kuisoma picha yake sawasawa. Ili kuijua yatupasa kwenda Ulaya, katika karne ya 16, wakati picha za namna hii zilipotengenezwa kwa wingi kuliko wakati wowote uliotangulia.

KWA NINI ZILIKUWA NYINGI

Katika karne hiyo Wakristo wa Ulaya magharibi waligawanyika. Martin Luther alianza kupinga mambo ya Kanisa mwaka 1517, na baada yake wakatokea wengine. Jambo hili huitwa Matengenezo ya Kanisa. Wafalme waliingia katika ugomvi huo, kwa kuwa siku zile dini ya mfalme ilidhaniwa kuwa lazima iwe dini ya raia zake, na aliyekataa alihesabiwa kuwa mwasi. Basi kila upande uliua watu, na kila upande ulipata mashahidi wake. Tarehe 1 Julai 1523 watawa wawili waliofuata mafundisho ya Luther, Hendrik Vos na Johann van den Esschen, walichomwa moto mjini Brussels. Mwaka 1535 Henry wa Nane, Mfalme wa Uingereza, aliwakata vichwa Askofu John Fisher na Thomas More, kwa sababu hawakukubali kwamba mfalme ni mkuu wa Kanisa.

Sababu ya pili ilikuwa mtambo wa kupiga chapa. Zamani picha ilichorwa mara moja ikakaa mahali pamoja, na atakaye kuiona sharti aende huko. Sasa picha moja iliweza kutoka mara mamia na kusafiri ndani ya kitabu.

Kulikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ubao. Fundi alichora juu ya ubao laini, kisha akachonga na kuondoa kila mahali patakapokuwa peupe, akaacha mistari tu imeinuka, kama herufi za muhuri zilivyoinuka. Wino ukapakwa juu ya mistari, karatasi ikakandamizwa, na picha ikatoka. Njia ya pili ni ya bamba la shaba. Hapa mambo yaligeuka: mistari ilichimbwa ndani ya shaba, wino ukaingizwa katika mifereji hiyo, juu pakafutwa pakawa safi, na karatasi yenye unyevu ikakandamizwa kwa nguvu mpaka ikaunyonya wino. Ubao ulikuwa rahisi, tena uliweza kuchapwa pamoja na maneno ya kitabu. Shaba ilikuwa ghali, lakini ilitoa mistari myembamba, hata nywele na machozi yakaonekana.

KITABU CHA JOHN FOXE

Malkia Mary wa Uingereza, aliyetawala toka 1553 hata 1558, alitaka kuirudisha nchi yake katika Ukatoliki. Katika miaka ya 1555 hadi 1558 Waprotestanti karibu 300 walichomwa moto. Wengi wao hawakuwa wakubwa. Walikuwa mafundi, wakulima, na wanawake wa vijijini.

Mwaka 1563, Malkia Elizabeth akiwa amekwisha kushika kiti, John Foxe alitoa kitabu kikubwa cha habari zao. Mchapaji wake alikuwa John Day wa London. Ndani yake mlikuwa na picha nyingi za ubao, na katika chapa ya 1570 picha zilizidi. Mwaka 1571 maaskofu waliagiza kwamba kitabu hicho kiwekwe katika makanisa makuu ya nchi. Basi hata asiyejua kusoma aliweza kufunuliwa picha zake.

Picha mojawapo ni ya Maaskofu Hugh Latimer na Nicholas Ridley, waliochomwa mjini Oxford tarehe 16 Oktoba 1555. Wote wawili wamefungwa mtini, kuni zimewazunguka. Kando yupo mhubiri anayewahubiria wanaokufa. Maneno yametoka katika vinywa vya watu, yameandikwa ndani ya utepe, ili msomaji ajue nani amesema nini. Na juu ya mnara aonekana Askofu Mkuu Thomas Cranmer, mfungwa, akiwaombea. Yeye mwenyewe alichomwa tarehe 21 Machi 1556.

Sasa tuulize swali la kwanza: Je, ulikuwapo? Foxe hakuwapo. Wakati wa mauaji hayo alikuwa amekimbilia ng'ambo. Lakini alikusanya barua, hati za mabaraza, na maneno ya watu walioona. Kwa hiyo habari zake nyingi zina msingi. Walakini katika picha zake ndogo kuna jambo la kuangalia sana. Ubao mmoja ulitumiwa mara nyingi: picha ile ile ya mtu katika ndimi za moto iliwekwa chini ya jina la huyu, kisha katika ukurasa mwingine chini ya jina la yule. Uso si wa mmoja wao. Picha ya namna hiyo haisemi, "Hivi ndivyo alivyokuwa." Yasema tu, "Naye pia alikufa hivi."

PICHA ZA WAKATOLIKI

Upande wa Wakatoliki haukukaa kimya. Waprotestanti wengi walikuwa wakizivunja sanamu makanisani wakisema ni ibada ya sanamu. Mwaka 1566 makanisa mengi ya Uholanzi na Ubelgiji yaliingiliwa, na picha na sanamu zikaharibiwa. Miaka mitatu kabla ya hapo, Desemba 1563, mkutano mkuu wa maaskofu uliofanyika Trento ulikuwa umeamua kwamba picha ni halali na zafaa kufundishia watu, bali zisiwapoteze watu kwa mafundisho ya uongo.

Katika miaka ya mwanzo ya 1580 mchoraji Niccolò Circignani alipamba kuta za kanisa la kale la mviringo liitwalo Santo Stefano Rotondo, mjini Roma. Kanisa hilo lilikuwa mikononi mwa Wajesuiti, na vijana waliosomea upadre wao waliingia humo wakaona ukuta mzima umejaa vifo vya mashahidi wa zamani: wengine wapigwa mawe, wengine waliwa na wanyama, wengine watiwa katika mafuta yachemkayo. Juu ya kila tendo pana herufi, A, B, C, na chini ya picha yapo maelezo ya kila herufi, kama ramani ya shuleni. Mwenye kutazama hakuachwa abahatishe.

Mchoraji huyo huyo alichora pia, katika chuo cha Waingereza cha Roma, vifo vya Wakatoliki wa Uingereza, na picha hizo zikachapwa kwa shaba mwaka 1584. Miongoni mwao walikuwa mapadre waliouawa miaka michache tu iliyotangulia, kama Edmund Campion aliyenyongwa na kukatwa vipande London tarehe 1 Desemba 1581. Vijana wa chuo hicho walikuwa wakijitayarisha kurudi kwa siri katika nchi hiyo hiyo. Kwao ile haikuwa picha ya mambo ya kale. Ilikuwa kana kwamba waonyeshwa mwisho wa safari yao.

Mwaka 1587, mjini Antwerp, Richard Verstegan, Mwingereza Mkatoliki aliyekimbia kwao, alitoa kitabu cha picha za shaba chenye kuonyesha ukatili wa Waprotestanti katika Uingereza, Ufaransa, na Uholanzi. Hapa swali letu la pili lajibiwa wazi: Ni nani aliyekuleta? Kitabu cha Foxe kililetwa na Waprotestanti ili watu wawaogope Wakatoliki. Kitabu cha Verstegan kililetwa na Wakatoliki ili watu wawaogope Waprotestanti. Watu waliouawa katika vitabu vyote viwili walikuwa watu wa kweli. Lakini ukikifunua kimoja tu, utadhani upande mmoja ulikuwa na wauaji, na mwingine ulikuwa na mashahidi.

MTU ALIYERUDI NYUMA

Kulikuwa na Wakristo wengine waliokataa kubatiza watoto wachanga, na wengi wao walikataa pia kushika silaha. Hao waliuawa na Wakatoliki na Waprotestanti pia. Habari zao zilikusanywa Uholanzi na Thieleman van Braght katika kitabu cha 1660, na chapa ya 1685 ilitiwa picha 104 za shaba, kazi ya Jan Luyken.

Moja ya picha hizo ni ya Dirk Willems wa Asperen. Mtu huyo alitoroka gerezani wakati wa baridi kali. Ufipa kuna baridi, lakini maji ya mabwawa hayagandi hata mtu akapita juu yake. Kule yaliganda, na Dirk akavuka mbio. Mlinzi aliyemfuata alikanyaga, barafu ikavunjika, akazama. Dirk aligeuka, akarudi, akamtoa majini. Kisha akakamatwa, na tarehe 16 Mei 1569 akachomwa moto.

Luyken hakuchora moto. Alichora dakika ile Dirk ameinama, mikono miwili imenyoshwa kwa mtu aliyekuja kumkamata. Naye hakuwapo, alizaliwa miaka mingi baada ya hayo. Lakini katika picha yake adui ana uso, na uso huo ni wa mtu anayehitaji msaada. Katika picha nyingi za wakati ule, za pande zote, adui ni mtu wa kuchukiwa tu.

DESTURI ZINAZOFANANA

Ijapokuwa pande hizo zilichukiana, zilichora kwa desturi zilizokaribiana. Uso wa shahidi ni mtulivu, na nyuso za wauaji zimekunjamana. Macho ya anayekufa yatazama juu. Wakatoliki walipenda kumchora malaika akileta taji au tawi la mtende, ambalo tangu kale ni alama ya ushindi. Tena shahidi hushika chombo alichouawa nacho, ili ajulikane: Laurenti ana chanja cha chuma, Bartolomayo ana kisu. Na watu waliokufa siku mbalimbali huweza kukusanywa mahali pamoja, kwa kuwa mchoraji ataka kuonyesha utukufu wao wa pamoja kuliko saa ya kufa kwao. Hiyo ndiyo desturi aliyoifuata Wider mwaka 1962.

Desturi hizo zilifika Afrika katika vitabu kabla ya mashahidi wa Uganda kuzaliwa. Mjesuiti Mreno Gonçalo da Silveira aliuawa mwezi wa Machi 1561 katika nchi ya Mwene Mutapa, kusini ya mto Zambezi. Mwaka 1675 Matthias Tanner alitoa mjini Prague kitabu cha Wajesuiti waliouawa duniani kote, na kifo cha Silveira kikawekwa humo kwa picha. Kitabu hicho kilitengenezwa Ulaya, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chenyewe. Wasomaji wake waliona Afrika ya kalamu, wala si Afrika ya macho.

NAMUGONGO

Sasa turudi Buganda na swali letu la tatu: Mbona umewataja hawa, na wale hukuwataja?

Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, vijana na watu wazima walifungwa katika mikeka ya matete, wakalazwa juu ya kuni, wakachomwa Namugongo. Wengine walikuwa Wakatoliki, wengine Waanglikana. Walikuwa wametembea njia moja kutoka Munyonyo, na kuni zilizowateketeza zilikatwa na watu wale wale. Kabla yao, tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu wa Kianglikana, Yusufu Rugarama, Marko Kakumba na Nuhu Serwanga, walikuwa wameuawa. Waanglikana huhesabu mashahidi wao kuwa 23.

Lakini picha ziligawanyika, kama zilivyogawanyika Ulaya. Picha ya Wider ina watu 22, maana hao ndio Kanisa Katoliki liliowatangaza kuwa wenye heri mwaka 1920, na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Kanisa kubwa la Kikatoliki la Namugongo lina nguzo 22. Waanglikana wana mahali pao, si mbali na hapo, penye sanamu za kuchongwa zionyeshazo watu walivyofungwa na kutiwa motoni. Mtoto anayeiona picha moja tu aweza kukua akidhani moto ule ulikuwa wa watu wake peke yao.

Na wapo wengine waliosahauliwa zaidi. Mwaka 1876, wakati wa Kabaka Mutesa, Waislamu wapatao 70 waliuawa Namugongo hapo hapo. Walikuwa wamekataa kula nyama ya mnyama asiyechinjwa na Mwislamu, na kusali nyuma ya Kabaka asiyetahiriwa. Dini yao haina desturi ya kuchora watu wa namna hiyo katika nyumba za ibada. Basi hawakuwa na picha ya kupeleka habari zao Ufipa, wala Roma, wala London. Wachache nje ya Uganda wawajuao.

Hata hivyo kuna waliojaribu kuziba pengo hilo. Papa Paulo wa Sita, siku ya kuwatangaza wale 22, aliwataja pia Waanglikana waliokufa. Alipofika Uganda mwaka 1969 alikwenda mpaka mahali pao. Papa Fransisko naye alifika pande zote mbili tarehe 28 Novemba 2015.

Haya yote hayana maana kwamba picha za mashahidi zitupwe. Bila hizo, fundi wa kijiji cha Uingereza aliyechomwa mwaka 1556, na Kizito aliyeuawa akiwa kijana mdogo kuliko wote wa Namugongo, wasingekumbukwa na watu wengi hivi. Picha imewafikia hata wasiojua kusoma. Lakini picha yenye nguvu ya kukumbusha ina nguvu pia ya kufundisha chuki, na Ulaya ililipa deni hilo kwa vita vya miaka mingi.

Basi mwanafunzi asimamaye mbele ya picha ya shahidi na afanye hivi. Kwanza, aulize jina la mchoraji na mwaka aliochora, kisha ahesabu ni miaka mingapi baada ya tendo lenyewe. Pili, atazame alama, yaani mtende, taji, chombo cha kifo, herufi. Hizo ni maneno ya mchoraji. Tatu, aulize nani aliyeilipia picha, na aliwataka watazamaji wafanye nini. Nne, autazame uso wa adui, kama amechorwa kuwa mtu au kuwa mnyama. Mwisho, awahesabu waliomo, kisha amwulize mwalimu wake, au mzee wa dini nyingine pale kijijini, kama wapo waliokufa siku ile ile ambao hawakuchorwa. Na akipata majina yao, na ayaandike.